Magurudumu mapya ya baiskeli ya mbio: pima kabla ya kulipa

Ndugu, nimekuelewa: magurudumu ya kiwandani ni mazito, unapanda vilima sana, na umeshauriwa rimu (ukingo wa gurudumu unaoshika tairi) za kaboni zenye kina cha milimita 50. Mimi nisingeanzia hapo. Anza na tairi. Tairi laini na nyepesi za milimita 28, kama fremu inazipokea, utazihisi siku hiyohiyo.

Ukishaamua kununua, hakikisha aina ya breki, upana wa habu ya nyuma, yaani kitovu cha gurudumu (kwa kawaida milimita 130 kwa breki za rimu, 142 kwa diski nyingi za sasa) na kama habu inapokea kaseti yako, yaani seti ya gia za nyuma. Ukikosea kimoja tu, gurudumu halifungiki.

Kwa vilima, aluminiamu nzuri au kaboni ya milimita 30 hivi inatosha kabisa. Ile ya 50 hung'ara tambarare, lakini upepo wa ubavuni huuyumbisha usukani, hasa kama mwili wako ni mwepesi.

Kaboni na breki za rimu hupata joto kali kwenye mteremko mrefu; tumia pedi zake maalumu. Soma pia kikomo cha uzito ambao magurudumu yanaweza kubeba. Baada ya safari za mwanzo, minya spoki mbilimbili kwa vidole. Ikilegea hata moja, mpelekee fundi kwanza.