Manukato ya laki nane: yaonje kwanza kwenye joto la Kampala

Duka la manukato ni mahali pabaya pa kufanyia uamuzi. Pana kiyoyozi, taa zinamulika chupa, na dada muuzaji ameshakupulizia vitu chungu nzima mpaka pua imechoka. Kisha anakuletea kikopo cha buni unuse ili pua isafike. Uganda kahawa tunaiuza nchi za mbali, lakini kwa kazi hiyo haina maajabu. Toka nje upate hewa, au nusa mkono wako ambao haujapuliziwa kitu. Inatosha.

Mimi kitu cha bei sikinunui siku ninayokutana nacho. Napulizia mara moja kwenye kifundo cha mkono, sisugui, naaga. Harufu inayokupokea dukani ndiyo inayowahi kuondoka: limau, chungwa na jamaa zao ni wepesi, mara nyingi nusu saa haiishi wameshapeperuka. Hufuata maua na viungo. Mwisho hubaki vile vizito, udi, sandali, vanila, miski, ambari, na hivyo ndivyo utakavyoshinda navyo. Huwezi kuvijua ukiwa umesimama mbele ya kaunta. Utavijua ukishapanda boda kutoka Kololo, ukaingia teksi ya abiria kumi na wanne, ukakwama kwenye foleni ya Jinja Road na jua la saa nane, jasho likakutoka. Nikifika nyumbani jioni na bado naupeleka mkono puani bila kujijua, hapo ndipo naanza kufikiria hela. Nikiwa nimesahau hata kwamba nilijipulizia, basi.

Ila pua yako usiiamini peke yake. Ikikaa na harufu huizoea, ukadhani imekwisha kumbe jirani yako kwenye teksi anafungua dirisha. Tena kuna miski na kemikali nyingine za manukato ambazo baadhi ya watu hawazisikii kabisa. Tafuta mtu asiyejua kukubembeleza. Mimi nina shangazi, mtu wa Mombasa aliyeolewa huku. Siku moja alinisogelea akasema, “Mwanangu, wanukia keki. Wenda kazini au wenda harusini?” Chupa ile sikuinunua.

Sasa hesabu. Mpulizo mmoja ni kama sehemu moja ya kumi ya mililita, kwa hiyo chupa ya mililita 100 ina mipulizo karibu 1,000. Tuseme bei ni shilingi 800,000: kila mpulizo ni 800, na mtu wa mipulizo minne anavaa 3,200 kila siku. Ukijipaka kila siku, chupa inakaa zaidi ya miezi minane. Ukiitaka ya harusi na Idi tu, itadumu miaka, na hapo bei haitishi sana.

Unacholipia ni nini? Kwa kiasi fulani, malighafi. Kilo moja ya mafuta ya waridi hutaka petali za tani tatu hivi au zaidi, na udi wa asili hutoka kwenye mti wa Asia ulioingiwa na kuvu, si kila mti. Lakini kwenye chupa nyingi maarufu, sanduku, matangazo na sura ya msanii pale ukutani vinakula zaidi kuliko kilichomo ndani. Wala kemikali ya maabara si aibu: Chanel No. 5 ya mwaka 1921 ilijipatia sifa kwa aldehidi. Kwa hiyo ukiambiwa “hii ni ghali kwa kuwa ni asili tupu”, tabasamu tu.

Maandishi ya chupani yasome. Eau de toilette kwa kawaida ina mafuta ya harufu asilimia 5 hadi 15, eau de parfum asilimia 15 hadi 20 hivi, ingawa hakuna sheria inayombana mtengenezaji. Kabla hujatoa laki nane, jaribu pia ya Kiarabu. Wengi huilinganisha Club de Nuit Intense Man ya Armaf, kampuni ya Dubai, na Aventus ya Creed iliyo ghali zaidi, na tofauti ya bei ni kubwa mno. Mwanzo wa hiyo ya Armaf una ukali wa limau ambao mimi siupendi, lakini baada ya saa moja sioni kwa nini niongeze fedha yote ile. Na kama unapenda mafuta yasiyo na spiriti, attari inayouzwa kwa tola, karibu gramu 12, inashika ngozini vizuri hata kwenye joto letu.

Feki zimejaa. Linganisha namba ya toleo iliyopigwa kwenye sanduku na ile ya chini ya chupa, zikitofautiana, rudisha. Zikifanana bado si ushahidi kamili, maana wanaoghushi nao wana macho.

Njia ninayoipenda ni kupimiwa mililita 5 au 10 kwa muuzaji ninayemwamini, nivae kazini, msikitini, hata siku ya mvua. Kichupa kikiisha nikajikuta nakitafuta, naagiza kubwa. Halafu inakaa kabatini ndani ya sanduku lake, si dirishani wala bafuni, kwa sababu mwanga na joto huharibu hata ile ya laki nane.