Anko wa Samaki: Kila tukiosha tanki samaki wanakufa, tatizo nini?

SWALI: Anko shikamoo, pole na majukumu. Mi ni mama wa watoto wawili nakaa Tabata Segerea. Baba watoto alinunua tanki la samaki Kariakoo kwa ajili ya besdei ya mtoto, lile la kioo la sentimita 60 kwa 30, kwenda juu nayo 30, na goldifishi watatu ndani. Kwetu hakuna aliyewahi kufuga samaki, sisi samaki tunayemjua ni wa Feri anakuja kakatwa vipande. Sasa kila jumamosi dada wa kazi analiosha vizuri kabisa, samaki anawaweka kwenye beseni, mawe anayasugua na sabuni ya unga, kale kasponji ka filta anakakamua bombani mpaka kanakuwa kapya, alafu anajaza maji masafi ya bomba. Yani tanki linang'aa. Jumapili jioni utaona samaki wako juu wanahema, jumatatu mmoja kafa. Tunanunua wengine, hivo hivo. Baba watoto anamgombeza dada, dada analia, watoto wanalia, na mama mkwe aliyekuja toka Musoma anasema hapa kuna jicho la mtu, na juu ya hapo Luku inaisha kwa ajili ya mboga tusiyokula. Nimechoka natamani niligawe. Mama J, Tabata.

JIBU: Marahaba Mama J, poleni jamani. Kwanza kabisa mwambie baba J amuombe dada msamaha. Huyo binti kafanya usafi kama alivyofundishwa kuosha kila kitu humo ndani na hakuna mtu aliyemwambia kwamba tanki la samaki ni kitu pekee kwenye nyumba ambacho ukikiosha kikang'aa umekiharibu.

Iko hivi. Samaki anatoa uchafu, na hata akipumua kupitia mashavu anatoa amonia, na chakula kilichobaki chini kikioza kinatoa amonia pia. Amonia ni sumu, inaunguza mashavu, ndo maana unawaona wako juu wanahema, sio kwamba wana njaa. Ziwani au mtoni inasambaa kwenye maji mengi, kwenye kioo haina pa kwenda. Kinachowaokoa ni bakteria wanaokaa kwenye sponji la filta, kwenye mawe, kwenye kioo chenyewe, hao wanaigeuza amonia kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu, alafu wengine wanaigeuza nitriti kuwa nitrati ambayo samaki anaivumilia mpaka utakapopunguza maji. Tanki jipya linahitaji kama wiki 4 mpaka 6 hao bakteria wazaliane wa kutosha. Sasa nyie kila jumamosi mnawaua wote na sabuni na maji ya bomba, jumapili amonia inapanda, jumatatu msiba. Na maji ya bomba yana klorini, imewekwa ituulie vijidudu sisi tusiumwe tumbo, ila haichagui, inaua na bakteria wenu na mashavu ya samaki inayachoma siku hiyo hiyo. Mama mkwe sitabishana nae mambo ya jicho, ila muulize kwa adabu ni jicho gani hilo linalosubiri dada aoshe tanki kwanza.

Kwaiyo sabuni iacheni kabisa, hata beseni wanalowekwa lisiwe la kufulia. Tanki lenu likijazwa kawaida ni kama lita 50. Kila wiki toeni robo tu, lita 12 au 13, yani ndoo ya lita 20 ijae zaidi ya nusu kidogo. Tumieni mpira, muuvute pole pole juu ya mawe unyonye uchafu wa chini, samaki wabaki humo humo msiwatoe. Hayo maji machafu yaliyo kwenye ndoo ndo dada asuuzie sponji, akamue mara mbili tatu basi, libaki la kahawia, asihangaike nalo, ile rangi ndo bakteria wenyewe. Yakishatumika mwagieni maua, yanapenda sana. Maji ya kurudishia yakae kwenye ndoo iliyo wazi usiku na mchana klorini itoke, au kama mna simtank juu ambayo maji yamelala siku kadhaa chukueni hayo. Maduka ya samaki wana na kimiminika cha kuondoa klorini, matone machache tu, kiwepo ndani kwa dharura. Maji ya boza ambayo hujui yametoka kisima gani mi nisingeyatumia, visima vingi vya Dar vina chumvi na goldifishi haipendi.

Kwa wiki hizi za mwanzo, samaki mlionao badilisheni hiyo robo kila baada ya siku moja, na msinunue samaki mwingine hata mtoto akilala chini sakafuni, mpaka mwezi upite hakuna aliyekufa.

Alafu kuna la goldifishi wenyewe ambalo muuzaji hakuwaambia, au hakuulizwa. Goldifishi anauzwa mdogo kama kidole lakini akitunzwa anafika sentimita 20 na zaidi na anaishi hata miaka 10. Watatu kwenye lita 50 ni kama familia nzima ya Segerea kuhamia kwenye bajaji. Ningekuwa nyie ningebaki na mmoja, au waliopo wakapewa mtu mwenye bwawa mkaanza na gapi, vile vidogo vyenye mkia wa rangi, joto letu la Dar wanalipenda bila hita wala nini. Nunueni madume tu, maana gapi anazaa watoto hai kila mwezi na mtajikuta mnagawa samaki mtaa mzima.

Chakula, hapo ndo watoto. Mara moja au mbili kwa siku, kiasi wanachomaliza ndani ya dakika mbili, kikibaki mmezidisha. Mpe J kijiko kidogo na iwe kazi yake peke yake, wengine marufuku, maana kwenye nyumba zetu kila anayepita anatupia kidogo, baba, dada, mgeni, na mdogo wake anatupia chapati. Na dawa ya mbu ya kupuliza nawaomba sana, ile inaua samaki kwa kiasi kidogo mno, na pampu ya hewa inaivuta moja kwa moja mpaka ndani ya maji. Zima pampu, funika tanki na kitambaa kilicholowa, au puliza vyumba vingine sebule muiache.

Luku sasa. Pampu na filta ya tanki kama lenu ni wati 5 hivi, washa masaa 24 mwezi mzima ni uniti 3 na nusu. Pasi ya wati 1000 mkipiga masaa manne mmeshapita hapo. Umeme ukikatika ndo kuna shida kidogo, maji ya moto yanabeba oksijeni chache na sisi maji yetu ni ya moto mwaka mzima, kwaiyo mtu achote na kikombe amwagie kutoka juu kidogo, dakika kadhaa kila baada ya muda, na msiwape chakula mpaka umeme urudi. Ipo na pampu ya betri, ukiipata nunua.

Mama mkwe mi namuona ndo msaada wenu ila hamjamtumia. Mtu wa Musoma anawajua furu, wale wadogo wadogo wa ziwani. Muulize enzi zake walikuwa wangapi na wa rangi gani, atakusimulia mpaka usiku. Sangara alipandikizwa Ziwa Victoria kuanzia miaka ya 1950, akawala furu, kufika miaka ya 1980 wameisha sana, aina nyingi hazikuonekana tena. Leo kuna wazungu wanawafuga furu hao hao kwenye vioo sebuleni, na samaki wa rangi wa Ziwa Tanganyika wanasafirishwa kutoka Kigoma kwenda kuuzwa nje kwa ajili ya kuangaliwa tu. Akishajua hilo sidhani kama atauliza tena mboga iko wapi, ingawa anaweza akaanza kuwadharau hao goldifishi wenu.

SWALI: Anko mambo, desemba tunaenda Moshi wiki mbili, samaki nawaachaje? Side, Mbagala.

JIBU: Poa Side. Samaki mkubwa mwenye afya wiki moja bila kula havunjiki. Kwa wiki mbili muachie jirani ufunguo, ila kopo la chakula lifiche. Funga vikaratasi, kila kimoja mlo mmoja, mwambie siku moja kimoja siku moja hakuna. Jirani mwenye huruma akiachiwa kopo anamwaga nusu.

SWALI: Mwanangu kakamata visamaki vya rangi Coco Beach, tunaweza kuviweka kwenye tanki na chumvi ya mezani? Baba Neema, Kinondoni.

JIBU: Hapana kaka, mrudishe navyo leo leo. Maji ya bahari yana chumvi kama gramu 35 kwa lita na madini mengine kibao ambayo chumvi ya mezani haina, tanki la bahari ni mtaji mwingine kabisa. Na mkienda visiwa vya Mbudya au Bongoyo hata kukamata msijaribu, ile ni hifadhi tangu 1975.