Hashibi au Mlafi Tu? Maswali Yenu Kuhusu Kulisha Watoto wa Mbwa

Barua za safari hii karibu zote zinahusu watoto wa mbwa, na nyingi zina hofu ileile: hashibi, hakui, hanenepi. Nimechagua saba.

Daktari, nimepewa mtoto wa mbwa wa wiki nane. Nimlishe mara ngapi? Kila nikimpa anamaliza na kulamba bakuli.

Mara nne kwa siku mpaka afikishe miezi mitatu hivi, kisha mara tatu hadi miezi sita. Baada ya hapo ni asubuhi na jioni, maisha yake yote. Tumbo lake ni dogo lakini mwili wake unadai: kilo kwa kilo, anahitaji karibu mara mbili ya nguvu anazohitaji mbwa aliyekomaa, mpaka afikie nusu ya uzito wake wa ukubwani. Mbegu ndogo sana kama Chihuahua wasikae saa nyingi bila kula, maana sukari ya damu hushuka, wakaanza kutetemeka na kupepesuka.

Kuhusu kiasi, soma jedwali la kwenye pakiti taratibu. Mengine hupima kwa uzito wa sasa, mengine kwa uzito atakaokuwa nao akikua. Na kile kiasi kilichoandikwa ni cha siku nzima! Nimeshakutana na watu waliokuwa wakikitoa chote kila mlo. Kulamba bakuli kusikutishe. Akipata nafasi atalamba na la jirani.

Wangu ni Great Dane wa miezi mitatu. Nataka mifupa imara, kwa hiyo namwongezea unga wa kalsiamu kwenye chakula cha pakiti cha watoto. Nakosea?

Unakosea, tena acha leo. Mbwa aliyekomaa akipewa kalsiamu ya ziada, utumbo wake huipunguza. Mtoto wa chini ya miezi sita hivi hana uwezo huo. Inaingia tu, hata isiyohitajika. Gegedu linalotakiwa kugeuka mfupa linavurugika, na baada ya muda unaona anachechemea au miguu inapinda. Ndiyo maana viwango vya AAFCO, chama cha wasimamizi wa vyakula vya wanyama cha Marekani, vinataka chakula cha watoto wa mbegu kubwa kisizidi asilimia 1.8 ya kalsiamu, ukiondoa maji. Tafuta pakiti iliyoandikwa kuwa ni ya watoto wa mbegu kubwa, usiongeze kitu.

Na usimharakishe. Ukubwa wake ameurithi. Chakula kinachoamua ni kasi tu, na kasi ikizidi, viungo ndivyo vinavyoumia. Kuna utafiti uliotolewa mwaka 2002 ambao huwa naurudia mpaka wenzangu wananichoka. Labrador 48 waliwekwa kwa jozi, ndugu wa uzao mmoja, na tangu wiki ya nane mmoja katika kila jozi alilishwa robo pungufu ya mwenzake. Waliopunguziwa waliishi karibu miaka miwili zaidi, na ugonjwa wa viungo uliwachelewa.

Mbwa ni mla nyama. Kwa nini nisimpe nyama tupu?

Kwa sababu mnyama wa porini hali mnofu peke yake. Anakula na mifupa, ini na matumbo. Mnofu una fosforasi tele na kalsiamu kiduchu, na mwili ukikosa kalsiamu kwenye chakula unakwenda kuichukua kwenye mifupa. Nikiwa bado mwanafunzi aliletwa mbwa wa miezi minne aliyevunjika mguu kwa kuruka kutoka kwenye kiti. Kiti cha kawaida tu. Kwenye picha ya eksirei mifupa yake ilikuwa hafifu, kama imechorwa kwa penseli na kufutwa nusu. Alikuwa amelelewa kwa nyama safi isiyo na hata kipande cha mfupa, na mwenye mbwa alilia aliposikia chanzo.

Msomaji wa Great Dane asiseme najipinga. Chakula chake kimekwisha kupimwa kalsiamu. Cha huyu hakikupimwa na mtu. Kupika nyumbani kunawezekana, ila mpango wa chakula uandaliwe na daktari wa mifugo anayeijua lishe. Wali na kuku wa kuchemsha ni wa siku moja mbili tumbo likichafuka. Mifupa iliyopikwa usitoe kabisa, hupasuka vipande vyenye ncha na kutoboa utumbo.

Nimpe maziwa ya ng'ombe?

Hana haja nayo, na huenda akaharisha. Maziwa ya mama yake yana mafuta na protini zaidi ya mara mbili ya ya ng'ombe, na sukari ya maziwa kidogo kuliko hayo. Aliyefiwa na mama apewe maziwa maalumu ya watoto wa mbwa. Kuanzia wiki ya tatu au ya nne, loweka chakula kikavu kwenye maji ya uvuguvugu mpaka kiwe uji, umimine kwenye sahani bapa. Siku ya kwanza atakanyaga, atapiga chafya, ataondoka na uji puani. Mwache.

Tumbo limejaa kama ngoma, lakini mgongo na mbavu vinaonekana. Niongeze chakula?

Kwanza minyoo. Wengi huzaliwa nayo, na mingine huipata kwenye maziwa ya mama. Dawa huanza wiki ya pili ya umri, ikarudiwa kila baada ya wiki mbili hadi wiki ya nane, kisha kila mwezi mpaka miezi sita. Hutolewa kwa uzito, kwa hiyo panda mzani ukiwa umembeba, upande tena peke yako, utoe uzito wako.

Nitajuaje amenenepa kupita kiasi?

Kunja ngumi, pitisha kidole juu ya vifundo: mbavu zikiwa hivyo, amekonda. Sasa kunjua mkono na upapase mgongo wa kiganja. Mifupa unaisikia bila kukandamiza, ila haijatokeza. Ndivyo mbavu zinavyotakiwa kuwa. Zikiwa kama upande wa ndani wa kiganja, punguza. Fanya hivi kila wiki, na uanze hesabu na vile vipande vya kumzawadia, visizidi sehemu moja ya kumi ya chakula cha siku. Chokoleti, zabibu mbichi na kavu, vitunguu vya kila aina na chingamu zisizo na sukari ni sumu kwake.

Lini nimhamishie chakula cha wakubwa?

Akimaliza kukua. Mbegu ndogo ni miezi 10 hadi 12, kubwa hadi 18, wale majitu kama Great Dane hata 24. Hamisha kwa siku saba hadi kumi: robo ya kipya, nusu, robo tatu, kisha chote. Kinyesi kikilegea, rudi hatua moja nyuma, usubiri siku mbili. Akitapika, akaharisha na kukataa kula, na chanjo hajamaliza, hapo si suala la chakula tena. Mpeleke kwa daktari siku hiyohiyo.