Gemu za stori zinazokuja: ninunue PS5 au niongeze ramu kwenye laptopu?

SWALI: Shikamoo fundi. Mimi niko Makorora, hapa hapa Tanga. Gemu za mpira na za mtandaoni sizipendi. Napenda za stori, nikae peke yangu usiku nicheze. Nina PS4 Slim na laptopu ya kazini yenye Core i5 ya kizazi cha nane, ramu GB 8, grafiksi ile ya Intel ya ndani. Nimeanza kuweka akiba. Gemu zipi zinazokuja zinafaa kusubiriwa, na je, niongeze ramu au ninunue PS5? Kuna mtu wa Kariakoo ana PS5 isiyo na sehemu ya diski, bei yake nafuu.

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Nianze na hiyo ya Kariakoo, maana pesa yako inaweza kuondoka kesho na basi la kwanza la Kange. Usiichukue, hata akipunguza tena.

Tanzania haimo kwenye orodha ya nchi zinazohudumiwa rasmi na PlayStation Network, yaani huduma na duka la mtandaoni la Sony, wenye PlayStation. Akaunti tunazotumia huku zimefunguliwa kwa jina la nchi nyingine, na ukifika pa kulipa kadi ya benki ya hapa mara nyingi hugoma. Watu wanaishia kununua vocha za duka hilo kwa mtu wa kati, ambaye naye anaweka chake juu. Mashine isiyo na diski inakufungia kwenye duka hilo moja. Yenye diski unanunua gemu, unaimaliza, unampelekea mwenzio wa Ngamiani, unaongeza kidogo unachukua nyingine. Na kwa wewe mpenzi wa stori ndiyo kabisa, kwa sababu ukishajua nani alimuua nani, kurudia ni nadra. Zaidi ya hapo, diski zako za PS4 karibu zote zitacheza kwenye PS5 yenye sehemu ya diski.

Ukiona lazima umuulize yule muuzaji kitu, muulize ni toleo lipi. PS5 ya kwanza isiyo na diski, ile ya 2020, haiongezewi sehemu ya diski hata ufanyeje. PS5 Slim iliyokuja mwishoni mwa 2023 inakubali kuchomekewa baadaye, ila siku ya kwanza lazima iwe na intaneti ili sehemu hiyo itambulike.

Diski nayo siku hizi isikufumbe macho. Doom: The Dark Ages ya 2025, diski yake ya PS5 ilikuwa na megabaiti 85 tu, gemu lenyewe unalivuta mtandaoni. Hapo diski ni ufunguo, nyumba iko kwingine. Piga hesabu mwenyewe: gemu la GB 100 kwa intaneti ya megabiti 10 kwa sekunde ni saa 22 mfululizo, isipokatika. Kwa bando la simu ni kilio. Kabla hujalipa, geuza kasha usome kama limeandikwa kwamba linahitaji kupakua.

Sasa laptopu. Ramu iongeze kama inakusumbua kazini, ila kwa gemu hizi haitakusaidia. Grafiksi yako imo ndani ya prosesa, haichomolewi wala haibadilishwi. Gemu kubwa za sasa zimeanza kukataa hata kufunguka: Indiana Jones and the Great Circle ya 2024, na hiyo hiyo Doom, zinadai kadi ya grafiksi yenye uwezo wa kukokotoa miale ya mwanga kwenye maunzi yake. Kadi isiyo na uwezo huo huwezi kusema utashusha ubora upate kuicheza. Haifunguki, basi.

Tuje kwenye gemu zenyewe. Inayosubiriwa kuliko zote ni Grand Theft Auto VI. Trela ya kwanza ilitoka Desemba 2023, ahadi ikiwa ni 2025. Ikasogezwa hadi Mei 26, 2026, kisha ikasogezwa tena hadi Novemba 19, 2026. Utacheza na Jason na Lucia kwenye Leonida, jimbo la kubuni lililochorwa kwa sura ya Florida, na mji wa Vice City umo ndani yake. Imetangazwa kwa PS5 na Xbox Series peke yake, kompyuta haikutajwa. Rockstar, wanaoitengeneza, ndivyo walivyo: GTA V ilitoka Septemba 2013, watu wa kompyuta wakaipata Aprili 2015. Red Dead Redemption 2 ilitoka Oktoba 2018, kompyuta ikafuata Novemba 2019. Kwa hiyo anayekushauri uunde kompyuta kwa ajili ya GTA VI anakuingiza mjini.

Mimi binafsi ninayoisubiri zaidi ni The Witcher 4 ya CD Projekt Red, wale Wapolandi. Safari hii mhusika mkuu ni Ciri, na trela yake ya Desemba 2024 ilinikaa kichwani kwa sababu ilisimulia kisa kizima, mwanzo hadi mwisho, badala ya milipuko mitupu. Lakini usiiwekee akiba sasa: kampuni yenyewe imesema haitoki kabla ya 2027. Na hao hao ndio walioitoa Cyberpunk 2077 Desemba 2020 ikiwa mbovu kwenye PS4 kiasi kwamba Sony waliiondoa dukani ndani ya siku chache, ikarudi Juni 2021. Ikaja kutengenezwa ikawa gemu zuri kweli, ila nyongeza yake ya Phantom Liberty ya 2023 haikupelekwa PS4 kabisa. Ndiyo maana sikushauri kulipia gemu lolote kabla halijatoka. Ngoja wiki chache, wenzio walalamike kwanza, viraka vya kurekebisha makosa vitoke.

Marvel's Wolverine imepangiwa 2026, PS5 peke yake. Ni kazi ya Insomniac, waliotengeneza Spider-Man. Kama ulicheza ile ya 2018 kwenye PS4 yako, jua kwamba Spider-Man 2 ya 2023 tayari ilikuacha, haikutolewa kwa PS4. Gemu za Ghost nazo vivyo hivyo: Ghost of Tsushima ya 2020 ilikuwa PS4, Ghost of Yōtei ya Oktoba 2025 ni PS5 tu. Kwa mpenda kunyemelea na kujibadilisha sura kuna 007 First Light ya IO Interactive, wale wa Hitman. Hiyo inakwenda na kompyuta pia, siyo yako lakini. Intergalactic ya Naughty Dog ni ya PS5 na haina tarehe. The Elder Scrolls VI ilioneshwa kidogo mwaka 2018 na mpaka leo haina tarehe, isahau.

Kwa PS4 uliyonayo leo, chukua Hollow Knight: Silksong. Ilitangazwa 2019 ikatoka Septemba 4, 2025, ina uzito wa GB chache tu, bei yake dola 20, na ni ngumu kiasi cha kukukesha miezi. Hii inafaa hata kwa bando.

Ukishafikisha pesa, nenda na diski yako ya PS4 mkononi. Iingize kwenye PS5 unayouziwa, ngoja gemu lifunguke, cheza kidogo. PS5 za mwanzo sehemu ya diski imeoanishwa na bodi ya mashine ile ile. Fundi akibadilisha na ya mashine nyingine, haisomi. Tikisa waya wa HDMI uone picha ikikatika, ingia na akaunti yako uhakikishe mashine haijafungiwa, na achia pedi uone kama mhusika anatembea mwenyewe.

Halafu hewa yetu ya bahari. Mashine zinazokuja mezani kwangu kutoka Raskazone nazitambua kabla sijazifungua: skrubu za nyuma zina kutu nyekundu, na ukiinua kifuniko, bati la ndani limeota unga mweupe kwenye pembe. Usiiweke PS5 karibu na dirisha la upande wa bahari, wala usimpe kila mtu aifungue: kati ya prosesa na kipoza joto kuna metali ya kimiminika, ikimwagika kwenye bodi imekwisha. Umeme unakula kama wati 200 gemu zito likiwa linachezwa, yaani uniti moja ya Luku kwa saa tano, runinga mbali. Nunua kile kifaa cha kulinda friji, kinachochelewesha umeme unaporudi, ukiweke hapo. Sevu zako za PS4 zinakili kwenye fleshi kabla hujaiuza.