Hamira haijachakachuliwa, jamani

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nilimwandikia mdogo wangu hapa Moshi kwamba "wanasayansi wamechakachua chachu ili itoe mafuta ya magari", yeye akanikosoa eti niseme hamira sio chachu. Nani yuko sahihi?

JIBU: Marahaba mwanangu. Mdogo wako yuko sahihi, ila kaokota kokoto akaacha jiwe. Hamira ni neno la Kiarabu, chachu limetoka kwenye kuchacha, na chochote kinachochachusha ni chachu, hata donge la unga wa jana, lakini kile kiumbe kidogo jamii ya kuvu tunachonunua dukani kwenye pakiti ndio hamira. Kwenye sayansi andika hamira, basi.

Sasa hilo "wamechakachua". Hili neno linanichoma roho maana siku hizi limekuwa kama chumvi, kila chungu linatiwa. Sisi tuliolishika tulilipata kwenye vituo vya mafuta, watu wanatia mafuta ya taa kwenye dizeli na petroli wanakuuzia kwa bei kamili, halafu uchaguzi wa 2010 likahamia kwenye kura. Mimi gari liliwahi kunizimia Kikatiti natoka Moshi naenda Arusha, fundi akafungua plagi nyeusi tii akasema mzee umeuziwa mafuta ya taa. Nilikaa pale barabarani mpaka jua linazama. Huko ndiko kuchakachua: mtu anaharibu kitu kwa siri ili akuibie.

Chukua mama anayepika mbege kule Kibosho. Anachemsha ndizi mbivu, anaziacha zichachuke, anachuja, anatia uji wa kimea cha ulezi, na magome ya msesewe yapo. Siku akitia maji na sukari na pakiti ya hamira akakujazia kata akasema kunywa baba, mbege ya leo hii, huyo kachakachua. Lakini akikwambia mapema kwamba leo ndizi zimepanda bei nimeongeza sukari, unywe usinywe shauri yako, huyo kachanganya tu, hajakuchakachulia kitu. Pombe ni ile ile, kata ni ile ile, tofauti ni kwamba huyu wa pili kakuambia. Na akipata mbegu mpya ya ulezi inayotoa kimea kizuri zaidi utasema kachakachua ulezi? Haiwezekani!

Ndio maana nasema hao wanasayansi hawajachakachua. Hamira yenyewe toka zamani inakula sukari inatoa kilevi na hewa ya kaboni, mandazi yanaumuka. Walichofanya ni kuipandikizia jeni, yaani maelekezo ya urithi yaliyomo ndani ya kila kiumbe, kutoka kwa viumbe wengine ili itoe kitu ambacho haikuwa inatoa, na wameandika hadharani ni jeni gani na zimetoka wapi. Mwaka 2006 timu ya Jay Keasling kule Chuo Kikuu cha California, Berkeley ilitia kwenye hamira jeni za artemisia, mmea ule ule ambao wakulima wa Arusha wamewahi kuulima, hamira ikatoa asidi inayogeuzwa kuwa artemisinini ya dawa mseto ya malaria. Dawa ya kuokoa watoto halafu tuiite imechakachuliwa? Mgonjwa akisikia hivyo atameza? Kwa njia inayofanana na hiyo wametengeneza hamira nyingine inayokula sukari ya miwa huko Brazil ikatoa farnesini, kimiminika cha mafutamafuta, na hiyo ndio inaweza kugeuzwa kuwa dizeli. Chanjo ya homa ya ini B nayo inatengenezwa na hamira tangu 1986.

Na hapo hapo Brazil petroli yao inachanganywa na ethanoli, yaani kilevi, ya miwa kwa sheria, tangu Agosti 2025 ni asilimia 30, kila dereva anajua. Kuchanganya peke yake hakujawahi kuwa kuchakachua.

Maneno ya kutumia yapo: kurekebisha vinasaba, kupandikiza jeni. Kuboresha pia linafaa kama una uhakika kweli imekuwa bora. Kwa hiyo mwandikie mdogo wako upya: "Wanasayansi wamepandikiza jeni kwenye hamira ili itoe mafuta ya magari." Na kama ni ethanoli usiseme mafuta, sema ethanoli, maana ile ni kilevi kile kile kilichomo kwenye mbege.