Mke Wangu Anaiita Boti Yangu Sufuria

*Shangazi, shikamoo. Mimi ni Mtanzania ninayeishi Minnesota, Marekani, pamoja na mke wangu na watoto wetu wawili. Mwaka jana nilinunua kwa mzee mmoja jirani boti ya alumini ya futi 14, ya miaka ya 1970, kwa dola 350. Nilimwahidi mke wangu kwamba gharama zote hazitazidi dola 1,000. Nimeipaka rangi nzuri ya buluu kwa dola 120, nikanunua mashine ya mtumba kwa dola 900 na kifaa cha kutambua samaki kwa dola 180, nikijazia na fedha kidogo kutoka kwenye akiba ya mke wangu ya zamu za usiku. Yeye hanipi ushirikiano. Siku ya kwanza tu alisema niijaze maji kwanza, nikamjibu kwamba boti hutiwa majini, maji hayatiwi botini. Mwezi Juni nilikwenda ziwani na mwanangu wa miaka sita, maji yakatufika vifundoni, tukacheka, tukarudi. Nikaziba kwa silikoni ya bafuni. Tangu hapo mke wangu anaiita boti yangu sufuria mbele ya wageni. Nifanyeje ili aheshimu juhudi zangu? Ni mimi, Mume Asiyeungwa Mkono.*

Marahaba, mwanangu. Nakupa pole kwa kudhihakiwa mbele ya wageni, maana mkeo angeweza kusubiri waondoke. Pole yangu inaishia hapo.

Barua yako nimeisoma mara tatu, na kila mara macho yangu yamerudi kwenye sentensi uliyoiandika kwa kujisifu, ile ya maji kutotiwa botini. Mkeo alisema kweli, nawe ulijifanya mjuvi. Boti kuukuu ya alumini iliyounganishwa kwa ribiti, yaani misumari ya kugongwa pande zote mbili, hukaguliwa hivyohivyo alivyosema: huwekwa juu ya trela na kuegemezwa vizuri chini, hutiwa maji ya kufunika sakafu tu, kwa kuwa kila lita ni kilo moja na boti iliyojazwa hadi ukingoni inaweza kupinda, kisha mtu hujilaza chini yake na tochi na kalamu, akitia alama kila panapotoka tone. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na wewe hukutaka kuinama. Mkeo hakuhitaji kusoma kitabu ili ajue hayo, kwa sababu mwanamke aliyekulia kwetu amekwisha kujaza maji sufuria inayovuja, akaiinua usawa wa macho na kungoja aone tone linatokea wapi, kabla ya kuipeleka kwa fundi wa kuziba. Wewe unasikia dharau katika neno hilo la sufuria. Mimi namsikia mtu anayerudia kwa mara ya pili ushauri uliokataliwa mara ya kwanza.

Tuje kwenye hesabu, maana umenitajia bei mwenyewe. Jumla yake ni dola 1,550, ilhali ahadi ilikuwa 1,000. Kiasi pekee ambacho hukukiandika kwa tarakimu ni zile “fedha kidogo” za akiba ya mkeo, na mtu anayekumbuka bei ya rangi hawezi kuwa amesahau alichochota kwenye jasho la mwenzake la usiku. Tena katika fedha zote hizo, kilichokwenda kuziba tundu ni silikoni ya bafuni peke yake, nayo hukuona hata haja ya kunitajia bei yake. Silikoni hiyo itabidi uikwangue yote, kwa kuwa mabaki yake huzuia dawa nyingine na rangi kushika. Wahenga walisema mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Wewe umepamba tezi, yaani nyuma, kwa mashine, na omo, yaani mbele, kwa rangi, na sasa ngama, pale chini ndani maji yanapokusanyika, inakuita.

Mimi ni mzaliwa wa Kigoma, na boti ya ribiti hainitishi. MV Liemba, ile meli ya Ziwa Tanganyika, iliyojengwa Ujerumani mwaka 1913 na kuunganishwa upya kwetu kwa ribiti, ilizamishwa na Wajerumani wenyewe mwaka 1916, ikaibuliwa mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini. Ile ni ya chuma na yako ni ya alumini, lakini nakutajia ujue kwamba silaumu kununua chombo kikuukuu. Wale walioizamisha walikuwa wamepaka injini zake grisi nzito ili zisiharibike majini, yaani hata katika kuzamisha walitanguliza kilichofichika.

Kwa hiyo ukague pia ambavyo hukuvitaja, ambavyo nina hofu hujavitazama. Ubao wa plaiwudi ulio tezini, unaobeba mashine, katika boti ya umri huo mara nyingi huwa umeoza ndani, hivyo uchokoe kwa bisibisi, na ikizama kama kwenye mkate, ubadilishe kabla mashine yako ya dola 900 haijalala chini ya ziwa. Usitumie mbao zilizotiwa dawa ya kuzuia mchwa na kuoza, hata zikiwa za bei nafuu, kwa kuwa nyingi zina shaba, na shaba ikikutana na alumini penye unyevu huila mpaka ikatoboka. Tumia plaiwudi isiyo na dawa hiyo, uifunike kwa epoksi, ile gundi ngumu isiyopitisha maji, pande zote pamoja na matundu ya bolti. Sponji ngumu iliyo chini ya viti nayo uitazame. Ikiwa imelewa maji, itoe na uweke mpya, wala usiache nafasi tupu, maana sponji hiyo ndiyo inayoifanya boti ielee hata ikijaa maji. Kuhusu rangi yako ya buluu, kama hukuisugua alumini kwa msasa na kutangulizia praima yake maalumu, yaani rangi ya awali, utaiona ikibanduka kama ganda la yai.

Lakini kilichoniudhi kuliko vyote ni hilo neno “tukacheka”. Umempeleka mtoto wa miaka sita katikati ya ziwa ndani ya chombo ambacho hujui hali yake, na barua nzima haina neno moja kuhusu jaketi la kuokolea maisha, ambalo sheria ya Minnesota inamlazimu mtoto aliye chini ya miaka 10 kulivaa boti inapokwenda. Je, unadhani mama yake alicheka? Nadhani jina la sufuria lilizaliwa siku ile, kutokana na hofu ambayo hakupata mtu wa kumsikiliza akiisema.

Ndoa nyingi za siku hizi naziona zikienda kama boti yako. Watu huanza na rangi, yaani sherehe, picha na fanicha za mkopo, na anayeuliza habari ya tundu huambiwa hana ushirikiano. Mume humwita mkewe mkaidi kwa sababu tu hakupiga makofi, kisha huandika barua kwa Shangazi akiomba dawa ya heshima. Dawa hiyo sina.

Ninachokuagiza ni hiki. Uza kifaa cha kutambua samaki, kwa kuwa samaki hatakusaidia kitu kabla hujaweza kuelea, na fedha zake zirudi kwenye akiba ya mkeo, pamoja na karatasi yenye tarakimu kamili ya kiasi ulichochukua. Kisha umwombe msamaha kwa lile jibu la siku ya kwanza, bila kutia neno “lakini” ndani yake. Ribiti iliyolegea hukazwa na watu wawili: mmoja hushikilia kipande kizito cha chuma kwenye kichwa chake upande wa nje, na mwenzake hugonga upande wa ndani. Muulize mkeo, siku atakayokuwa amelala vya kutosha, kama atakubali kushika nyundo, na chuma ukishike wewe. Mkimaliza, mjaze maji tena, umpe yeye tochi, na usiguse kopo la rangi mpaka atakapokuambia kwamba haoni tone.