Bundi uliyemwokota: usimnyweshe maji, mtie gizani kwanza

Ndugu yangu wa Mitwero, umesema umemkuta bundi mwenye uso mweupe chini ya mwembe, bawa linaning'inia, majirani wanataka achomwe moto, na nyumbani wameshamkorogea uji. Uji acheni. Hata maji usimtie mdomoni kwa bomba la sindano. Bundi wangu wa kwanza, hapa Mikindani, Mtwara, nilimuua mwenyewe kwa huruma. Tundu la kupumulia la ndege liko wazi kwenye shina la ulimi, na akiwa hana nguvu ukimmiminia maji yanateremka mapafuni. Nilimpa kidogo tu jioni, alfajiri nikamkuta amelala ubavu. Mpaka leo nikimkumbuka naumia.

Wa pili alipigwa na manati, mwezi wa Januari. Nilimfunika kwa kanga, akatulia, nikamshika miguu kwanza, maana kinachojeruhi zaidi ni kucha. Nikamtia kwenye boksi la katoni lenye matobo, taulo kuukuu chini, chumba cha giza, mbali na paka na watoto. Usiku ule sikumchungulia hata mara moja. Watu huona ndege ametulia mkononi wakadhani amezoea, kumbe ameganda kwa hofu na moyo unamwenda mbio.

Asubuhi nilimpeleka kwa daktari wa mifugo. Kigasha cha bawa kina mifupa miwili. Wake ulivunjika mmoja, mwenzake mzima ukaushikilia. Akalikunja bawa kama ndege anavyolikunja mwenyewe, akalifunga kwa bandeji laini. Plasta hapana, inanyofoa manyoya. Wala usimkaze kifua, kwa sababu ndege hupumua kwa kifua kupanda na kushuka, ukikibana unamnyonga. Mfupa uliunga kwa wiki tatu hivi, na katikati daktari alikuwa akilifungua bawa na kulinyoosha ili kiungo kisikakamae. Siku hiyohiyo nilitoa taarifa kwa afisa wanyamapori wa wilaya. Fanya hivyo na wewe, maana kwa Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 ndege huyo ni mali ya umma, huruhusiwi kumfuga bila kibali.

Chakula ndicho kilichonihangaisha. Nyama tupu haimtoshi. Anahitaji panya mzima, na mifupa na manyoya yake. Huku kwetu panya wa shamba ndiye samaki nchanga, yaani kitoweo, watoto wanajua kumtega, kwa hiyo nilikuwa nanunua watatu au wanne kwa usiku. Wawe wa mtego tu. Panya aliyekula sumu atamuua na bundi. Ukimwona anatapika kidonge cheusi cha manyoya usishtuke, ndivyo bundi wanavyotoa kisichosagika.

Vidonge hivyo ndivyo vilivyonisaidia kwa majirani. Bibi mmoja alikuja kuniambia naalika msiba mtaani. Sikubishana naye. Nilimwamkia, nikamketisha, nikakipasua kidonge mbele yake kwa kijiti. Vikatoka vifuvu vidogo vya panya. Nikamwambia, "Bibi, hawa ndio wanaomaliza mtama wako ghalani." Alinyamaza kitambo, kisha akauliza kama ndege mwenyewe ameshakula. Hofu yake si ya kuchekwa, amelelewa nayo. Ila mwonyeshe.

Bandeji ilipotoka, shemeji aliniachia ghala lake la korosho, msimu ulishapita na lilikuwa tupu. Mwanzoni bundi aliruka hatua mbili akaanguka. Nilikuwa nasimama gizani nikisikiliza, kwa kuwa bundi mzima huruka kimya kabisa, na huyu bawa moja lilikuwa linavuma. Nikangoja. Usiku nisiosikia kitu, huku nikiona kivuli kinakwenda ukuta hadi ukuta, nilijua yuko tayari. Nikamrudisha kwenye mikorosho ileile alikookotwa, baada ya magharibi, kunguru wakiwa wameshalala.

Sasa nijibu haraka: je, mfupa umetoboa ngozi? Kama umetoboa, usingoje kesho, mpeleke kwa daktari leo hii. Kama haujatoboa, mwache gizani mpaka asubuhi, na huo uji wanywe watoto.